Televisheni ya banda la gemu inunuliwe kama jembe, si kama pambo

KILA ninapokwenda Ifakara baada ya mavuno ya mpunga, nakuta mabanda mapya kandokando ya barabara. Zamani mengi yalikuwa ya chipsi au ya kuchaji simu. Siku hizi mengi ni ya gemu. Kijana anauza magunia yake, ananunua mashine ya PlayStation, televisheni, mabenchi mawili na pazia la mlangoni, kisha anaanza kutoza fedha kwa mechi.

Wapo wazee wanaoona huo ni upuuzi. Mimi kama mchumi wa kilimo sikubaliani nao, mradi tu watoto wasiruhusiwe kuingia saa za shule. Fedha ya mpunga huja mara moja kwa mwaka. Mkulima mwenye kabiashara kanakoingiza shilingi kila jioni halazimiki kuuza mpunga ungali shambani ili apate fedha ya mbolea au ada ya mtoto. Kinachonisumbua si biashara yenyewe. Ni namna tunavyonunua kile chombo ambacho ndicho moyo wa biashara hiyo, yaani televisheni.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuungua. Mwaka 2017 mdogo wangu aliuza magunia 12 ya mpunga ili afungue banda. Akanipigia simu: "Kaka, wewe umesoma, njoo tukachague TV." Tukaenda dukani, tukaonyeshwa plazima ya mtumba ya inchi 50. Picha ilikuwa kali, weusi wake mweusi kweli, na bei ilikuwa ndogo kuliko ya televisheni mpya zilizokuwa pembeni. Muuzaji akatuhakikishia kwamba hiyo ndiyo inayofaa gemu. Nikamwambia mdogo wangu achukue. Sikuuliza inakula umeme kiasi gani, wala sikujua kwamba viwanda vikubwa vilikuwa vimeshaacha kutengeneza plazima. Panasonic waliacha mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014.

Baada ya miezi michache yale maandishi ya matokeo yanayokaa juu kushoto wakati wa mechi yalibaki kwenye kioo. Ukizima gemu, yapo. Ukiweka taarifa ya habari, yapo. Wateja wakaanza kucheka, halafu wakahamia banda la jirani lenye televisheni ndogo zaidi. Mpaka leo ile plazima ipo sebuleni kwa mama, na mgeni akija huuliza ni timu gani zinacheza.

Nini kilitokea? Katika plazima kila nukta ya picha hutoa mwanga wake yenyewe, na nukta inayowashwa muda mrefu kwa picha ileile huchakaa haraka kuliko jirani zake. Kwa anayeangalia tamthilia jambo hilo si kubwa, kwa kuwa picha hubadilika. Lakini kwenye banda la gemu maandishi ya matokeo hukaa mahali pamoja saa 10 kwa siku. Ni sawa na kupanda zao moja katika kona ileile ya shamba kila msimu bila kuweka samadi. Lazima kona hiyo ichoke.

Ndugu msomaji, unaweza kusema plazima imekwisha, hivyo makala haya yana faida gani leo? Faida ipo, kwa sababu OLED, ambayo leo husifiwa kuliko zote, nayo ina nukta zinazotoa mwanga zenyewe. LG walianza kuuza OLED ya inchi 55 mwaka 2013, na tangu hapo zimeboreshwa sana. Zina kinga mbalimbali za kupunguza kuungua kwa kioo, na kwa weusi na wepesi wa kubadili picha ni vigumu kupata inayozishinda. Kama una fedha na unataka kucheza nyumbani kwako jioni, nunua. Lakini kwa banda ambalo mechi ya mpira inachezwa kutwa nzima, hatari ya maandishi kubaki kwenye kioo haijaondoka.

Kundi la pili ni LCD. Hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya kwa majina. Televisheni inayoitwa LED ni LCD ileile, ila taa zilizo nyuma ya kioo ni za LED badala ya zile taa nyembamba za mirija za zamani. QLED, jina ambalo Samsung walianza kulitumia mwaka 2017, nayo ni LCD yenye taa nyuma, iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi. Usidhani QLED na OLED ni ndugu kwa sababu majina yanafanana. Katika LCD mwanga unatoka kwenye taa za nyuma, na kioo kazi yake ni kuuruhusu au kuuzuia. Ndiyo maana weusi wake huelekea kijivu, lakini maandishi yaliyoganda hayauchakazi kwa namna ile iliyotupata sisi.

Kuna wanaosema TV za chogo zilikuwa bora kwa gemu. Kwa jambo moja wana haki, nalo ni kwamba zilikuwa hazicheleweshi picha. Lakini PlayStation 4 ina tundu la HDMI peke yake, na chogo haina tundu hilo. Kwa mwenye PlayStation 2 na waya za rangi nyekundu, nyeupe na njano, chogo bado inafanya kazi. Wengine tusonge mbele.

Huko kuchelewa kwa picha ndilo jambo la kwanza la kuangalia, na ndilo ambalo muuzaji hakwambii. Televisheni ya kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha. Huisafisha, huinoa na kulainisha mwendo. Kazi hiyo inachukua muda. Gemu nyingi za mpira huonyesha picha 60 kwa sekunde. Televisheni ikichelewa kwa sehemu 100 za elfu moja ya sekunde, mchezaji yuko nyuma kwa picha sita. Anabonyeza pedi apige shuti, kumbe beki ameshafika. Mteja hatasema televisheni inachelewa, atasema pedi zako mbovu, na kesho hatarudi. Dawa yake mara nyingi ni kuingia kwenye mipangilio ya picha na kuchagua ile iliyoandikwa Game. Televisheni nzuri ikiwekwa hapo, kuchelewa hushuka hadi chini ya sehemu 20. Isiyo na chaguo hilo, iache dukani hata kama ina inchi 65.

Jambo la pili ni pembe ya kuangalia. Bandani hakai mtu mmoja katikati. Kuna wawili wanaocheza, na watazamaji wamejaa pembeni, ambao ndio wateja wa mechi inayofuata. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kubwa. Aina ya VA ina weusi mzuri, lakini ukikaa upande rangi hupauka. Aina ya IPS weusi wake ni hafifu, ila picha huonekana vizuri kutoka pembeni. Kwa banda, mimi nachagua IPS. Kama muuzaji hajui, usibishane naye. Sogea hadi pembeni kabisa mwa kioo uangalie kama nyasi za uwanja bado ni za kijani.

La tatu ni umeme. Plazima yetu ilikuwa inatumia kama wati 250. Televisheni ya LED ya inchi 43 huweza kutumia wati 70 tu. Kwa saa 10 kwa siku, tofauti ni uniti 1.8. Kwa siku 26 za kazi, ni uniti karibu 47 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ni shilingi 350. Hapo unachoma zaidi ya shilingi 16,000 kila mwezi bila kupata mteja hata mmoja wa ziada. Weka bei unayolipa wewe, hesabu ni ileile. Kwa anayetumia sola, tofauti hiyo inaamua kama betri zitafika saa tatu usiku au zitakufa katikati ya mechi. Wati zimeandikwa mgongoni mwa televisheni. Igeuze usome.

La nne ni namba kubwa kwenye boksi. PlayStation 4 ya kawaida hutoa picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, mwisho 60 kwa sekunde. Kuinunulia televisheni ya 4K inayoonyesha picha 120 kwa sekunde ni kumwaga mbolea juu ya mwamba. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, ndiyo inayoweza kutumia uwezo huo, na hapo televisheni iwe na tundu la HDMI 2.1. Tena jihadhari na baadhi ya wauzaji wanaotaja namba kama 400 au 800 kana kwamba ni idadi ya picha kwa sekunde. Mara nyingi hizo ni za matangazo, na kioo chenyewe ni cha 50 au 60.

Sasa tufanye hesabu ya mkulima. Tuseme LED ya inchi 43 ni shilingi 600,000 na OLED ya inchi 55 ni shilingi 3,000,000. Banda likifanya kazi saa 260 kwa mwezi kwa miaka miwili, hizo ni saa 6,240. LED imekugharimu kama shilingi 96 kwa saa, OLED kama shilingi 481. Je, mteja atalipa zaidi kwa sababu weusi wa picha ni mzito zaidi? Hatalipa. Kama mechi ni shilingi 500 mtaani, ni 500 kwako pia. Tofauti ya shilingi 2,400,000 ingekununulia LED ya pili, ikachangia na mashine ya pili, na mechi mbili zikachezwa kwa wakati mmoja. Mashamba mawili yenye rutuba ya wastani yanamlisha mtu kuliko bustani moja ya maua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaomwambia kijana anunue chochote cha bei rahisi. Plazima yetu ilikuwa rahisi. Kipimo si bei ya dukani, ni gharama ya kila saa chombo kinapokuwa kazini, pamoja na umeme na uwezekano wa kuharibika. Hivyo ndivyo tunavyopima pampu ya umwagiliaji, na televisheni ya bandani haina tofauti na pampu.

Ushauri wangu basi ni huu. Unapokwenda dukani, beba mashine yako na pedi zako mbili. Omba uunganishe, weka kwenye Game, cheza mechi nzima na rafiki yako. Kaa katikati, kisha kaa pembeni. Soma wati mgongoni. Dai risiti yenye muda wa waranti. Muuzaji akikukatalia kujaribu, kuna duka jingine. Na ukishanunua, tenga fedha ya stebilaiza, maana umeme unaopanda na kushuka hauchagui LED wala OLED.

Mdogo wangu alianza upya mwaka uliofuata kwa LED moja ya inchi 43, akaongeza ya pili baada ya mavuno mengine. Mechi za wateja zilimsaidia kununua mbegu na kulipa vibarua wa palizi bila kukopa. Yale magunia 12 ya kwanza hayakurudi. Wewe unayeyapanga magunia yako ghalani hivi sasa, ukifikiria kufungua banda, usiyauze kabla hujaigeuza televisheni ukaona mgongo wake.