Jembe Limfuate Mzee



Hapa Uganda mfanyakazi wa shamba la chai au miwa aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ana haki ya kuchukua akiba yake akitimiza miaka 55. Fedha hizo hulipwa kwa mkupuo, si kila mwezi. Zikikwisha, kinachobaki kwa wengi ni bustani nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo pensheni yetu. Lakini mgongo wa kuilima ni ule ule uliokwisha kutumika shambani kwa mwajiri.

Wapo wasemao kuwa mzee asiyeweza kuinama aache kulima, watoto wamlishe. Mimi sikubali. Watoto nao wana karo za kulipa. Tena mzee asiyeshika kazi yoyote hudhoofika upesi. Kinachotakiwa kubadilika ni zana na bustani.

Kwanza, mpini. Kwa palizi, mzee atumie jembe jepesi lenye mpini mrefu, apalilie akiwa wima. Jambo hili si dogo. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi, wakiinama kutwa nzima mpaka migongo ikaharibika. Waajiri walidai kuwa mpini mrefu utaharibu mimea. Vibarua walipigania haki yao, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikakubali kuwa jembe lile ni zana ya hatari. Likapigwa marufuku, na mboga ziliendelea kulimwa.

Pili, tuinue udongo. Gunia likijazwa udongo na samadi, na mawe madogo katikati ya kupitisha maji, huotesha sukuma wiki juu na ubavuni. Huko Lesotho hujenga bustani za mviringo kwa mawe, zenye kimo cha kiuno, na kikapu cha takataka za jikoni katikati ya kurutubisha udongo. Mzee huvuna akiwa amesimama. Tuta lisiwe pana kuliko mkono unavyofika.

Tatu, maji. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Abebe madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono. Afunike udongo kwa nyasi kavu. Unyevu hukaa na magugu hupungua.

Chama kina wajibu hapa. Tukijadili mkataba wa hali bora, tudai mipini mirefu kwa wapaliliaji wote sasa, wangali vijana. Na kila tawi liwafundishe bustani ya gunia wanaokaribia kustaafu, kabla hawajapokea akiba yao. Kumuaga mwenzetu kwa hotuba na soda, kisha kumwacha na jembe lile lile lililomvunja mgongo, si umoja.

Umoja ni nguvu, hata baada ya kustaafu.