Bei ya risasi: mnunuzi anapata, mtoto analipa

Madini ya risasi na risasi ya bunduki vina jina moja, na si bure. Madini hayo huyeyuka kwa nyuzi 327. Moto wa makaa unatosha. Mnunuzi wa vyuma chakavu anafika kwa wahami wa vita na mizani yake, anataja bei, anaondoka. Nani anamuuliza kilo hizo zitatengeneza nini? Familia iliyokimbia risasi isiuze risasi gizani.

Tena, betri kuukuu ikiyeyushwa kwenye sufuria nyumbani, moshi na vumbi vyake vinaharibu ubongo wa mtoto. OMS inasema hakuna kiwango salama. Bei isiyohesabu ugonjwa huo ni wizi. Wazazi wauze betri nzima. Wakubwa wa mtaa wakague mizani, na mnunuzi aseme anakopeleka mzigo.