Ujirani si Kula Pilau Pamoja

Hapa kwetu pwani mtu akisifiwa kuwa ni mwenye kushirikiana na wenzake, aghalabu maana yake ni kwamba maziko hayampiti, na penye arusi humkosi jikoni akipakua pilau. Ni sifa njema, sibishi. Lakini mimi naona kipimo hicho ni chepesi, na ushahidi wangu nautoa mbali na bahari: Olenguruone, kwenye milima ya baridi ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau.

Kuanzia mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makao huko Wakikuyu waliokwisha kuondolewa kwengine, wakiwamo waliotolewa nchi ya Wamasai. Wao walifahamu kuwa wamelipwa ardhi kwa ardhi, basi ni mali yao. Serikali ikasema la, nyinyi ni wapangaji. Mtalima kama tutakavyowaagiza, na shamba litakuwa na mrithi mmoja tu. Msomaji anayejua mirathi inavyogawanywa kwa mafungu atauona mara moja uzito wa sharti hilo.

Na tazama hila yake. Kila mwenye shamba alitakiwa ayakubali masharti kwa nafsi yake. Akubaliye abaki, akataaye atoke. Hapo ndipo jirani hujulikana, maana ukikubali peke yako faida ni yako, na hasara anaibeba mwenzio. Watu wa Olenguruone wakaapishana wasikubali. Viapo vya siasa vilivyotangulia vilikuwa vya viongozi na wachache walioaminiwa. Hiki kiliwaingiza wanaume, wanawake, hata watoto. Sisi Waislamu tuna maneno yetu juu ya viapo vya namna ile, na si hapa pa kuyafungua. Ninalolitazama ni kuwa mama na mtoto walihesabiwa kuwa wana neno katika jambo la wote. Sijui ni mikutano mingapi ya mitaa yetu inayofika hapo.

Hawakushinda. Mimea iliharibiwa, nyumba zikachomwa, na kufikia mwaka 1950 walikwisha kutolewa; wengi wakapelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani. Lakini kiapo chao kilienea, na wanahistoria hukitaja miongoni mwa mizizi ya Mau Mau.

Laiti habari ingeishia hapo! Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu hizo hizo za Olenguruone na Molo ziliwaka moto, safari hii kabila kwa kabila, jirani akimfukuza jirani. Na waliochoma nao walikuwa wameshikamana barabara. Walikuwa na umoja, tena umoja wa kutisha. Tofauti ni kwamba wa kwanza walijifunga wasimwache mwenzao, na hawa walijifunga wamtoe.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya bara peke yake. Agosti 1997, Likoni, ng'ambo tu ya kivuko, watu wa bara waliuawa na maelfu wakakimbia. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza ya Likoni na ya Molo pamoja.

Basi namuuliza msomaji: yule wa bara aliyepanga chumba cha uani kwako, na si wa dini yako, unamhesabu katika mtaa? Akifiwa, huenda?