Makelele ya mji: ukuta nao uko na kosa

Bandugu na badada wa Lubumbashi,

Kila mara tunalalamika juu ya makelele mu mji, jibu ni ile ile: ni bamanseba, ni baa, ni makanisa. Ni kweli. Lakini kuko mwingine mwenye hakuna mtu anamuita: ukuta wa nyumba ya etaji.

Sauti ni sawa mpira. Ukipiga mpira ku matela, inakufa. Ukipiga ku kioo ao ku saruji laini, inarudia na nguvu karibu yote. Manyumba ya vioo na alukobondi inaendelea kupanda katikati ya mji. Mbili zikiangaliana, honi ya taksi-bisi inapiga huku, inarudia kule, inabakia mu barabara. Manyumba ya zamani ya matofali, yenye barza na madirisha ya kuingia ndani, inatawanya sauti. Ukuta wenye kufunikwa na mimea unameza kidogo. Kioo haifanye hata moja.

Na hapa njo kuko swali ya haki. Mwenye nyumba anafunga dirisha, anawasha klimatizeri, anakaa kimya. Mama mwenye kuuzisha mikate chini na mwanafunzi wa ngambo ya barabara, bao njo banabeba makelele yenye ukuta wake unarudisha. Umeme ya SNEL ikikatika, mara nyingi grupe inangurumia batu bale bale.

Mu 2018, OMS ilishauri inchi za Ulaya makelele ya magari usiku isipite desibeli 45, juu inaharibu usingizi na afya. Hapa kwetu, Katiba, kifungu 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Masikio pia ni afya.

Njo maana tunaomba bakubwa ba mji na ba Urbanisme:

1. Mbele ya kutoa ruhusa ya kujenga, baulize: ukuta huu utarudisha makelele kwa nani?
2. Grupe iwekwe nyuma, mu chumba chenye kufungwa.
3. Manyumba ya zamani yenye barza isibomolewe ovyo.
4. Makelele ipimwe ku barabara kubwa, na hesabu itangazwe kwa batu bote.

Balkoni, matofali na mimea vinaamuliwa ku plan. Kisha kujenga, ni bei ya kubomoa. Kama shantie inafunguliwa ku avenyu yako, wende uulize mapema. Mji ni wetu.