Historia Isiyosomwa Kwenye Vikombe
Mwalimu anayedhani historia ya michezo ni hesabu ya vikombe tu, namwomba aitazame Rumbalara, klabu ya wenyeji asilia wa Australia huko Shepparton, jimboni Victoria. Chimbuko lake ni Cummeragunja, ng'ambo ya Mto Murray, kijiji kilichosifika kwa kandanda ya Kiaustralia, ule mpira wa umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu. Doug Nicholls, mzaliwa wa huko, alikuja kuwa Gavana wa Australia Kusini mwaka 1976. Februari 1939 wakazi wengi walikihama kijiji hicho wakipinga madhila ya msimamizi, wakavuka mto. Rumbalara, iliyokataliwa awali, iliingia ligini mwaka 1997. Sisadiki kwamba ilikataliwa kwa sababu za mpira.