Mkristo Asiye na Jumuiya Amemwachia Nani Jirani Yake?



Katika parokia zetu limekua kundi kubwa la Wakristo wa Jumapili. Huja Misa, huimba, hutoa sadaka, hupokea Komunyo, kisha hurejea majumbani mwao na kufunga malango. Siku ya jumuiya hawaonekani. Hufika pale tu wanapokuwa na shida yao: mtoto abatizwe, binti afunge ndoa, au mzee wa nyumba azikwe na padre. Ndipo humtafuta mwenyekiti wa jumuiya awaandikie barua, nao hawajui hata jina lake.

Tume ya Haki na Amani haiandiki kijitabu hiki ili kuwatisha ndugu hao kwamba watanyimwa sakramenti. Twaandika kwa sababu jambo hili, ambalo wengi hulihesabu kuwa uvivu mdogo tu, ni jambo la haki. Mkristo anapoikwepa jumuiya ya mahali anapoishi, yupo mtu anayeumia kwa kukosekana kwake.

1. KANISA LILIANZIA NYUMBANI

Someni kitabu cha Matendo ya Mitume. Sura ya 2 yatuonyesha waamini wa kwanza wakisali na kula pamoja majumbani, na kugawana walivyo navyo kadiri ya mahitaji ya kila mmoja. Sura ya 6 yatuonyesha jumuiya hiyo hiyo ikiwa na kasoro: wajane wa upande wa wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yaliwafikia Mitume, nao wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kulisimamia jambo hilo. Tuangalie vema. Upendeleo ule ulijulikana kwa sababu watu walikuwa wakila pamoja. Kama wangeonana mara moja kwa juma, wakiangalia mbele na kupeana visogo, nani angejua ni mjane yupi aliyelala na njaa?

Mtume Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, hakuwakemea waliokosa kuja. Aliwakemea waliokuja, wenye mali wakashiba na kulewa, huku maskini waliokuwa pamoja nao wakibaki na njaa. Na alipomwandikia Filemoni ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu, hakuiandika barua hiyo kwa Filemoni peke yake. Aliielekeza pia kwa kanisa lililokuwa likikutana nyumbani mwake. Neno la haki lilisomwa mbele ya majirani, ili Filemoni asipate pa kujificha.

Basi jumuiya ndogo ndogo si jambo geni lililozuliwa na mapadre wa siku hizi. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi katika shirikisho lao la AMECEA, waliuweka ujenzi wa jumuiya hizo kuwa shughuli kuu ya kichungaji. Mwaka 1994 Sinodi ya Afrika ililiita Kanisa Familia ya Mungu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, akafundisha kwamba familia hiyo haiwezi kufikia ukamilifu wake pasipo jumuiya zilizo ndogo kiasi cha kuwawezesha watu kufahamiana kwa karibu.

2. HOJA ZA WANAOJITENGA

Wa kwanza husema, "Mimi nasali nyumbani, Mungu anasikia." Ni kweli, Mungu anasikia. Lakini je, wewe wamsikia jirani yako? Sala isiyotoka nje ya ukuta wako haitakuambia kwamba nyumba ya tatu kutoka kwako kuna mgonjwa asiyekuwa na wa kumpa uji.

Wa pili husema, "Jumuiya ni ya akina mama." Aibu na iwe kwetu wanaume. Tunaukalia uenyekiti wa parokia, lakini kazi ya kumwosha mgonjwa na kumfariji mfiwa tumewaachia mama zetu na dada zetu. Kama jumuiya ina akina mama peke yao, kosa si la waliokuja.

Wa tatu husema, "Kule ni majungu na michango tu." Huyu ana sehemu ya ukweli, nasi tutawageukia viongozi hapa chini. Lakini majungu huponywa na watu waadilifu wanaohudhuria, wala si na watu waadilifu wanaokimbia.

Wa nne, naye ni mwenye nafasi, hasemi kitu. Humtuma binti wa kazi apeleke bahasha. Binti yule huketi mkekani badala ya tajiri wake, naye jumuiya haimuulizi lolote, maana bahasha imefika. Huyu wa nne ndiye anayetusikitisha kuliko wote, kama tutakavyoona.

3. FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria nzuri tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inaibatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Inaagiza pia kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kuweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa juma.

Lakini sheria haina miguu. Mume akifariki, mashemeji huja siku ya arobaini na kumwambia mjane, "Shamba hili ni la ukoo." Siku hiyo hakimu hayupo, mbunge hayupo, askofu hayupo. Walio karibu ni majirani. Kama majirani hao ni jumuiya iliyozoea kusali naye, wataketi naye, watawakabili wale mashemeji kwa maneno ya upole na ya ukweli, watamsindikiza kwenye Baraza, na watakuwa mashahidi kwamba shamba hilo alilima na mumewe kwa miaka mingi. Kama majirani hao ni watu tu, kila mmoja atasema, "Mambo ya ukoo hayo, siingilii." Mama atafungasha vyombo vyake na kuondoka na watoto.

Ndivyo ilivyo kwa binti wa kazi. Nani anajua umri wake? Nani anajua kama mshahara wake umelipwa, au kama huamka saa kumi za usiku na kulala saa sita? Mkaguzi wa kazi hawezi kuingia kila nyumba. Jumuiya inapokutana nyumba kwa nyumba, hata nyumba yenye lango la chuma hufunguliwa siku moja, na kilichomo huonekana. Ndiyo sababu baadhi yetu hatutaki zamu ya nyumba yetu ifike. Twasema nafasi ni finyu, kumbe tunachoogopa ni macho ya ndugu.

4. FUNDISHO LA RWANDA

Atakuwepo wa kutuuliza, "Je, jumuiya yatosha?" Jibu letu ni hapana, na ushahidi uko mlangoni petu. Mwaka 1994 zaidi ya nusu ya wananchi wa Rwanda walikuwa Wakatoliki. Walikuwa na parokia, vigango na vyama vya kitume. Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili mwaka huo, siku chache tu baada ya mauaji ya kimbari kuanza. Maaskofu walipokuwa wakijadili Kanisa kama Familia, watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyarubuye waliuawa humo humo, na wauaji wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika maafa hayo.

Hatulitaji hili ili kuwahukumu jirani zetu. Twalitaja kwa sababu ni onyo kwetu. Jumuiya inayosali rozari na kunyamaza juu ya chuki ni kundi tu. Waraka ule wa 1995 ulikwisha kuagiza kwamba upendo wa jumuiya uvuke mipaka ya ukoo na kabila. Basi jumuiya ya watu wa kabila moja, au wa chama kimoja cha siasa, au wa kipato kimoja, imekwisha kupotoka kabla haijaanza kusali. Tunaposema kila Mkristo awe na jumuiya, tunasema awe na ile ya mahali anapokaa, pamoja na majirani ambao hakuwachagua.

5. NENO KWA VIONGOZI

Wenyeviti, makatibu na watunza hazina, jumuiya si ofisi ya kodi. Daftari lenye majina ya wasiolipa, lakini lisilo na majina ya wagonjwa, ni ushahidi dhidi yetu. Msimnyime maskini barua kwa sababu ya deni la mchango. Msitangaze madeni ya watu mbele ya watoto wao. Na ibada isiishie katika matangazo. Tumieni njia iliyoenezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji kwa vijana wafanyakazi, ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza mwaka 1961: kuona, kupima kwa mwanga wa Injili, na kutenda. Kila mkutano uulize: juma hili nani ameonewa katika mtaa wetu, nasi tutafanya nini kabla ya kukutana tena?

Nawe ndugu uliyejitenga, rudi. Usingoje jumuiya iwe njema ndipo uje, kwa maana haitakuwa njema bila wewe. Njoo mwenyewe, bahasha iache ifuate nyuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni familia zipi za Kikristo katika eneo letu ambazo hatujapata kuzitembelea? Kwa nini?
2. Je, wapo wajane, yatima au watumishi wa nyumbani kati yetu ambao haki zao zimevunjwa? Nani atakwenda kuwaona juma hili?
3. Katika mikutano yetu mitatu iliyopita, ni muda gani tulioutumia kwa michango, na ni muda gani kwa shida za jirani?