Mkongo umefika Rusumo, watoto wetu wamefika wapi?



Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wetu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka ule ule waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam. Mkongo huo haukuishia mijini. Umefikishwa hadi Rusumo tunakopakana na Rwanda, na hadi Kabanga tunakopakana na Burundi. Hivyo basi, sehemu ya mawasiliano ya nchi jirani inapita katika ardhi ya Ngara, chini ya migomba na mibuni yetu.

Hapo hapo Rusumo kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Aprili 2016. Lori haliruhusiwi kupita mpaka nyaraka zake ziwe zimeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Jirani yake kuna mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Mitambo ya namna hiyo haiendeshwi kwa misuli. Kuna chumba cha udhibiti, na ndani yake mtu amekaa mbele ya skrini anasoma namba. Sisi tunaokumbuka miaka ambayo Ngara na Biharamulo zilipata umeme wa jenereta la dizeli, tena kwa saa za kuhesabu, tunaona haya ni mabadiliko makubwa.

Lakini tukiwauliza wanafunzi wetu wa madarasa ya juu, "Kazi ya kompyuta ni ipi?", wengi hujibu: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kusajili laini, kuingiza nyimbo kwenye simu. Hatuwalaumu. Hicho ndicho wanachokiona stendi.

Wazazi nao wana jibu lao. Kijana akimaliza kidato cha nne na matokeo yasiporidhisha, anapelekwa mjini kusoma "kozi ya kompyuta" ya miezi mitatu. Anarudi na cheti chenye nakshi pembeni, kinachosema anajua kuandika barua na kupanga majedwali. Mzazi anafurahi, cheti kinawekwa fremu. Maoni yetu, na tunayasema wazi, ni kwamba cheti hicho hakimfikishi kijana kwenye kazi zenye kipato kizuri katika fani hii. Kinamwezesha kufanya kazi ya steshenari, ambayo ni kazi ya halali na yenye heshima. Kosa ni kuuziwa cheti hicho kama mlango wa utajiri wa teknolojia, wakati mlango wenyewe uko shuleni, kwenye somo la Hisabati, na wengi wetu tumewaacha watoto walikimbie.

Tueleze kwa nini baadhi ya kazi za teknolojia hulipa vizuri. Mtunga programu, mhandisi wa mitandao, msimamizi wa kanzidata, mlinzi wa usalama wa mifumo, mchambuzi wa takwimu, fundi wa vifaa vya vipimo na udhibiti wa mitambo: wote hawa wanalipwa kwa sababu kosa lao ni ghali na wanaoweza kazi hiyo ni wachache. Mfumo wa benki ukisimama saa moja, hasara yake haipimiki kwa mshahara wa mtu mmoja. Isitoshe, ujuzi wao unauzika popote. Mwenye duka akihama anaacha wateja, lakini mtunga programu huhama na kazi yake kichwani.

Ila si kila anayekaa mbele ya kompyuta analipwa vizuri. Jarida la Time la Marekani liliandika Januari 2023 habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu na kuyawekea alama, ili kompyuta zijifunze kutambua uovu, katika kazi iliyosaidia kutengeneza ChatGPT. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba baina ya kampuni ya OpenAI na kampuni iliyowaajiri, Sama, ulitaja dola 12.50 kwa saa. Mwajiri alieleza kwamba fedha ile ilijumuisha gharama zote za kazi, siyo mishahara peke yake. Hata hivyo msomaji atazame namba hizo. Mashine ni ile ile, aliyeitunga analipwa utajiri, na anayeisafishia maneno analipwa nauli. Tofauti yao kubwa ni elimu waliyokuja nayo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005. Ilipofika 2013 mwekezaji wa kwanza aliondoka, na mgodi ukachukuliwa na STAMICO kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD. Miaka minane tu! Mgodi una umri kama mtu, tena mfupi. Mwenye fani, mgodi ukiyumba, hufunga mizigo na kwenda mgodi mwingine au nchi nyingine. Aliyeajiriwa kufyeka nyasi hurudi kufyeka shamba lake.

Sasa kuna nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Serikali ilisaini mkataba Januari 2021, na katika kampuni ya pamoja ya Tembo Nickel ina hisa asilimia 16. Upembuzi yakinifu uliotangazwa Julai 2025 ulikadiria umri wa mgodi kuwa miaka 18. Madini haya yanatakiwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na uchimbaji wa chini ya ardhi wa siku hizi umejaa vihisishi, ramani za kompyuta na mashine zinazoongozwa kutoka mbali. Kiwanda cha kusafishia kimepangwa kujengwa Buzwagi, Kahama. Mtoto aliye darasa la kwanza leo, akisoma vizuri bila kukwama, anahitaji miaka 15 au zaidi kufikia shahada. Mzazi anayesubiri geti la mgodi lifunguliwe ndipo aanze kufikiri atakuwa amechelewa mno, na mwanawe atapewa sare ya ulinzi.

Turudi kwenye Hisabati, maana hapa ndipo penye uzito. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 hadi 2023, waliofaulu somo hilo nchi nzima walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano, au kwa mwaka mzuri mmoja kati ya wanne. Na watoto wetu wameshajiambia kwamba Hisabati ni ya wenye vichwa maalumu.

Ajabu ni kwamba hapa hapa madrasani wanaifanya kila wiki! Mwanafunzi wa mirathi akiambiwa marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, anajua mke ana thumni, mama ana sudusi, na kijana ni asaba, anachukua kinachobaki. Anatafuta 24, anampa mke 3, mama 4, kijana 17, bila kutokwa jasho. Halafu ukiingiza ndugu wa marehemu kwenye swali, anasema mara moja, "Huyu amezuiliwa na mtoto." Wanafunzi, hiyo ndiyo kazi ya mtunga programu: akiwepo fulani fanya hivi, asipokuwepo fanya vile, na mwisho hesabu ifunge. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne ya 9, aliandika kitabu chake cha al-jabr, na sehemu yake kubwa ya mwisho ni maswali ya wasia na mirathi. Kutokana na kitabu hicho dunia imepata neno aljebra, na kutokana na jina lake imepata neno algoritimu, yaani mpangilio wa hatua ambao kompyuta huufuata. Basi mtoto anayegawa mirathi asubuhi na kulia na sehemu mchana amekosa kuunganishiwa tu, akili anayo.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kujiunga na vyuo vya kati, masharti ya kawaida ni kufaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Mtoto anaweza kupata alama nzuri sana ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, tukampongeza na kumchinjia kuku, kisha akakwama kwa sababu masomo mengine yako matatu. Somo la dini alisome, na alisome kwa bidii, kwani lina faida yake duniani na akhera. Lakini mlango wa chuo cha ufundi wa kompyuta unataka Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Wanaofika kidato cha tano watazame michepuo yenye Hisabati, kama PCM, PGM na EGM. Njia ya stashahada nayo isidharauliwe, kwani mtu huanza na cheti, akapanda hadi stashahada, na akipenda akaendelea na shahada.

Fedha zitoke wapi? Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita, nao si mkopo. Bodi ya Mikopo, kuanzia 2023/24, inakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Tunajua familia kadhaa za Kiislamu ziliogopa mikopo ya Bodi kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Masharti yaliyobaki mzazi ayasome, kisha akamuulize shekhe anayemwamini akiwa na karatasi mkononi. Asiamue kwa uvumi wa barazani. Na kwa familia zilizopisha mradi wa nikeli na kulipwa fidia, nasaha yetu ni nyepesi: pikipiki itachakaa, bati litaingia kutu, tenga fungu la ada kabla fedha haijazoea kutumika.

Mabinti wasisahauliwe katika hesabu hii. Kazi nyingi za fani hizi hufanyika mtu ametulia mahali pamoja, na binti anaweza kuzifanya kwa stara yake kamili, hata akiwa nyumbani na watoto. Anayemwachisha shule binti mwenye kichwa cha hesabu ajue anachokiacha.

Tuwaase pia vijana. Kwanza, si kila kazi nono ya teknolojia ni halali kwetu. Kampuni za kubeti huhitaji watunga programu, na wakopeshaji wa mtandaoni vilevile. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na riba zao wengi wanazijua kwa machozi. Upande wa pili, benki zinazofuata sharia zimeongezeka tangu Amana Bank ilipoanza mwaka 2011, na mfumo wa murabaha hauwezi kutungwa na mtu asiyejua murabaha ni nini. Mtu mwenye fiqhi ya miamala kichwani na programu vidoleni ni adimu, na kilicho adimu hulipwa.

Pili, jihadharini na matangazo ya kazi za kompyuta ughaibuni. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya vijana wake juu ya kazi za Thailand. Waliokwenda walijikuta Myanmar, wamefungiwa ndani na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mapema 2025 walipookolewa maelfu ya watu huko, vijana wa Afrika Mashariki walikuwemo. Anayekuahidi dola nyingi bila kukuuliza unajua nini, anakununua.

Wenye simu janja nyumbani wana pa kuanzia leo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na masomo ya Hisabati ya Khan Academy hayana ada, ila yako kwa Kiingereza, jambo ambalo nalo ni faida. Bando linalomalizwa kwa video za mpira linatosha masomo kadhaa.

Inshaallah muhula ujao tunaanza saa moja ya Hisabati kila Jumamosi baada ya darsa la asubuhi, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne, wavulana na wasichana kwa nyakati tofauti. Tunahitaji ubao mwingine, chaki, na watu wawili waliomaliza kidato cha sita wakiwa na Hisabati watakaojitolea kufundisha. Daftari la majina liko kwa mwalimu wa zamu. Mzazi aje mwenyewe kuandikisha, na aje na matokeo ya mwisho ya mtoto ya Hisabati, yawe yoyote yale.